Kengele ya Dubu Kambi ya Pili

Hildegarda Ngonyani ni mwoga, na katika miaka yake sitini na minne hajawahi kumficha mtu jambo hilo. Alipokuwa mdogo aliogopa filimbi ya nyapara wa shamba la mkonge, ingawa aliyekuwa akipigiwa filimbi ni baba yake. Alipoolewa aliogopa mto Mkondoa, na kila masika alilala na nguo zake zimefungwa ndani ya kitenge, tayari kwa mafuriko ambayo hayajawahi kufika nyumbani kwake. Mumewe alipofariki, akaanza kuogopa mahindi.

Mahindi yenyewe hayana kosa. Kinachomtisha ni vile vinavyoweza kuwa ndani yake.

Kambi ya Pili ni safu mbili za nyumba upande wa nyuma wa Rudewa, wilayani Kilosa, mahali walipolazwa zamani wakata mkonge waliotoka Songea na Njombe. Mkonge ulikufa, watu wakabaki. Watoto na wajukuu wao sasa wanalima mahindi na ufuta. Mwezi wa Juni ukiisha, mahindi husimama makavu shambani yakisubiri kuvunjwa, na wakati huohuo malisho ya mifugo huwa yamepungua. Hapo ndipo kengele za ng'ombe huanza kusikika karibu kuliko inavyotakiwa. Na mwaka ambao maji yamekauka mapema, tembo nao huvuka mbuga ya Mkata kutoka Mikumi, wakafika mpaka korongo lililo mwisho wa shamba la Hildegarda.

Mbele ya nyumba yake, kwenye mwarobaini, kinaning'inia kipande cha reli kilichofungwa kwa waya. Pembeni pake kuna nondo ya kukipigia. Watu hukiita chuma, basi. Siku kilipotundikwa, mwenyekiti wa kitongoji, Mzee Melkizedek, alieleza mbele ya kikao kwa nini amechaguliwa mjane kukipiga badala ya kijana mwenye misuli.

"Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio," alisema. "Mama Ditram hasinzii. Jani likianguka, yeye tayari amekaa kitako."

Watu walicheka. Hildegarda naye alicheka, kwa mdomo tu.

Utaratibu ulikuwa mfupi. Kengele ikisikika ndani ya mahindi, apige mara tatu. Wanaume watoke na walichonacho, waingie kutoka pande zote nne, wabane katikati. Wasiitane, wasipige kelele. Mwaka uliotangulia waliingia kwa kelele, wenye ng'ombe wakapata muda wa kujipanga, na zikapigwa fimbo kweli kweli. Octavian, fundi baiskeli, alipigwa ya kichwa na mpaka leo maneno yake hutoka polepole. Upande wa pili, kijana mmoja mchungaji alipoteza jicho. Basi safari hii wakakubaliana: kimya, na atakayekutwa ndani asiulizwe jina. Hakuna aliyefikiria kupanga pigo la kuwarudisha watu.

Katikati ya hofu hiyo akaletwa Loveth.

Ditram, mwana pekee wa Hildegarda, ana miaka kumi na miwili Kanada, katika mji wa Edmonton. Huko alimwoa Nabintu, mzaliwa wa Bukavu, Kongo, na binti yao Loveth alitimiza miaka kumi mwezi wa Aprili. Ditram alikuja naye likizo, akakaa siku tatu, kisha akaenda Songea kuonana na baba zake wadogo. Mtoto akamwachia bibi yake kwa siku kumi.

Salamu ya kwanza nusura iharibu mambo. Loveth alishuka kwenye gari, akatazama wanawake waliojipanga kumpokea, akasema kwa furaha, "Jambo, Bibi!"

Wanawake wakatazamana. Hildegarda akangoja. Ditram akainama akamnong'oneza mwanawe sikioni.

"Shikamoo," Loveth akasema.

"Marahaba, mke mwenzangu. Umekuja kuniondoa nyumbani kwangu?"

Mtoto hakuelewa utani huo hata kidogo, lakini alipoona wote wanacheka, akacheka.

Kiswahili alikuwa nacho, tena kingi, ila kilikuwa cha mama yake. Siku ya pili alikuja jikoni na daftari mkononi.

"Bibi, hapa kuko nyama gani?"

"Leo hatuna nyama, mke mwenzangu. Tuna kisamvu."

"Hapana. Nyama za pori. Zenye ziko na meno."

"Ahaa, wanyama!"

Daftari lilikuwa kazi ya likizo. Mwalimu wake alitaka kurasa mbili zinazotazamana: upande mmoja wanyama na maneno ya nyumbani, upande wa pili wanyama na maneno ya kule mtoto anakokwenda. Hildegarda aliipenda kazi ile kuliko alivyotarajia. Alisikia habari za panya mkubwa anayekata miti kwa meno na kuziba mto mpaka maji yasimame.

"Anaziba mto?" akauliza. "Mwambie baba yako amlete. Mkondoa una kazi naye."

Kuhusu dubu, hata hivyo, hakutania. Loveth alieleza kwamba dubu huweza kuingia mpaka kwenye kambi za watu msituni, na kwamba shuleni kila mtoto hufundishwa la kufanya. Aliyekuwa akisikiliza pamoja na Hildegarda ni Mudathir, jirani yao, mwanaume wa makamo aliyekuja kurudisha ungo.

"Sasa huyo dubu mnamfanyaje?" Mudathir akauliza.

"Hatumufanyi kitu. Tunavaa kengele. Anasikia, anaenda." Akaonyesha kengele ndogo ya shaba iliyofungwa kwenye zipu ya begi lake, imefunikwa na kifuko chenye sumaku ili isilie bure. Akaivua kifuko, akaitikisa mara moja, akairudisha. "Na akikuja, usikimbie. Unasimama, unanyoosha mikono juu, unajifanya mukubwa, unapiga kelele."

Mudathir alicheka mpaka akaweka ungo chini. "Ujifanye mkubwa mbele ya tembo? Atakushukuru kwa kumrahisishia kukuona!"

Hildegarda hakucheka. Alimwona mjukuu wake amesimama mbele ya tembo, mikono juu, anapiga kelele kama alivyofundishwa na watu wenye nia njema wa nchi nyingine. Kuanzia jioni ile akaanza kumfundisha upya. Kila asubuhi, kabla ya chai, alimsimamisha mlangoni.

"Ukisikia kitu kwenye mahindi, unafanyaje?"

"Nanyamaza."

"Unasimama vipi?"

"Kama muti."

"Na mimi nikikuita?"

"Sijibu, mpaka unishike mukono."

Hilo la mwisho halikuwa la lazima. Wakulima wa Kambi ya Pili humfundisha mtoto kunyamaza, lakini hakuna anayemkataza kumjibu mama yake au bibi yake. Hildegarda aliliongeza mwenyewe, kwa sababu mwoga akishafunga mlango huwa anatafuta na gogo la kuuegemeza.

Mchana walikuwa na mchezo wao. Ulianza wakitwanga kisamvu, ambacho kwa Loveth ni sombe. Bibi alitaja neno la Kilosa, mtoto akarudisha la Bukavu, haraka, na aliyechelewa alifinywa sikio.

"Kisamvu!"

"Sombe!"

"Mchicha!"

"Lengalenga!"

"Ugali!"

"Bugali!"

"Kitenge!"

"Kikwembe!"

Ilifika mahali Hildegarda akawa anamvizia. Alimrushia neno akiwa anaoga, akiwa anapiga mswaki, akiwa chooni, na jibu lilitoka palepale, likifuatiwa na kicheko nyuma ya makuti. Kwa siku kadhaa nyumba ile ilikuwa na kelele za furaha, na jirani mmoja alisema Mama Ditram amepona uoga. Hakuwa amepona. Alikuwa amepata kitu cha kuogopea.

Alhamisi, siku moja kabla ya Ditram kurudi kumchukua mwanawe, Mudathir alipita mchana na habari.

"Mama Ditram, kuna unyayo wa tembo kule korongoni. Mpana kama sinia. Wa juzi huo, lakini tuwe macho."

Loveth aliruka. Katika daftari lake upande wa dubu alikuwa ameandika upana wa unyayo kwa sentimita. Upande wa tembo palikuwa wazi.

"Bibi, twende tuupime!"

"Kesho."

"Kesho Papa anakuja asubuhi."

"Basi asubuhi na mapema, tutakwenda na Mzee Mudathir. Leo hapana."

Mtoto akanyamaza, na Hildegarda akadhani amekubali.

Saa kumi na moja jioni alikuwa jikoni, anachambua mchele wa chakula cha kumuaga mgeni wake. Upepo ulikuwa unatoka shambani kuja nyumbani, umebeba vumbi na harufu ya majani makavu. Ndani ya upepo ule akasikia kengele.

Ilikuwa inatoka mbali, ndani kabisa ya mahindi, ikilia na kukatika, ikilia na kukatika, mwendo wa kiumbe kinachotembea bila haraka. Kengele nyembamba, kama wanazovalishwa ndama. Jana yake tu ng'ombe walikuwa wameonekana ng'ambo ya korongo. Hakufikiri. Ungo ulianguka, mchele ukamwagika, na mkono wake ulikuwa umeshashika nondo.

Akapiga. Moja. Mbili. Tatu.

Akaona milango ikifunguka kwenye safu zote mbili. Mudathir alitoka na panga, bila viatu. Wawili wa safu ya pili walitoka na fimbo, mmoja na shoka. Hakuna aliyesema neno. Walipita mbele ya nyumba yake kwa mbio za kuinama, wakagawanyika, na mahindi yakawameza. Kwa muda mfupi alijisikia vizuri. Ameogopa, lakini kwa mara moja katika maisha yake hofu yake imefanya kazi.

"Loveth," akaita akigeukia nyumba. "Ingia ndani, ufunge mlango."

Kimya.

Mkeka wa kibarazani ulikuwa mtupu. Daftari halikuwepo. Rula haikuwepo. Begi lilikuwa limeegemezwa ukutani, na juu yake kile kifuko chenye sumaku kimewekwa vizuri, kama kitu ambacho mwenyewe anatarajia kukirudia. Zipu ilikuwa haina kengele.

Hildegarda alielewa yote kwa pamoja. Mtoto alikuwa amekwenda kuupima unyayo. Na kwa kuwa ni mtoto mtiifu, alikuwa amevaa kengele ili asimshtue mnyama.

Alikitazama chuma. Kilikuwa bado kinatetemeka. Akipiga la nne, watadhani ng'ombe ni wengi. Akipiga mfululizo, watakaza mwendo. Pigo la kurudisha watu halikuwepo, kwa sababu siku ya kikao wote waliwaza namna ya kuingia shambani tu, yeye akiwa mmoja wao.

"Rudini!" akapiga kelele. "Ni mtoto! Rudini!"

Upepo ulimrudishia sauti yake usoni.

Akaingia. Tangu afiwe na mumewe hakuwahi kuingia kwenye mahindi peke yake saa kama ile. Majani yalimkata mikono, yakampiga machoni, na kila hatua yalilia kama karatasi inayokunjwa. Ndipo alipotambua jambo jingine: mtu anayetembea ndani ya mahindi makavu hasikii ila mahindi anayoyavunja. Wale wanaume wasingemsikia. Yeye mwenyewe, ili asikie, ilimbidi asimame.

Akasimama. Kengele ilikuwa inalia mbele, kushoto, hatua mia moja hivi. Kulia kwake majani yalikuwa yanapasuliwa na mtu. Mbele yalikuwa yanapasuliwa na mwingine. Kisha kengele ikanyamaza.

Hildegarda aliogopa mambo mengi katika maisha yake, lakini hakuwahi kuogopa kitu kama ule ukimya. Alijua maana yake kwa pande zote mbili. Loveth alikuwa amesikia kitu kwenye mahindi. Alikuwa ameshika kengele isilie, na sasa amesimama kama mti, kama alivyofundishwa kila asubuhi kabla ya chai. Na wanaume nao walijua maana ya kengele inayonyamaza ghafla: ni mchungaji aliyesikia watu, akaishika kengele ya ng'ombe wake, akajificha.

"Loveth!"

Kimya.

"Loveth, mama yangu, jibu! Ni Bibi!"

Hakujibu. Kwa nini ajibu? Bibi hajamshika mkono.

Majani ya upande wa kulia yalizidi kupasuka, yakielekea palepale ilipozimikia kengele. Hildegarda alifungua mdomo tena na hakujua aseme nini. Akisema toka, mtoto hatatoka. Akisema ongea, hataongea. Kila agizo la bibi yake alikuwa ameshalizibia mlango kwa agizo jingine la bibi yuleyule. Na ghafla, bila kulitafuta, neno likamjia.

"Kisamvu!"

Mahindi yakalia. Hakuna kitu.

"Kisamvu!" Sauti yake ilipasuka. Akavuta pumzi, akaikaza, akaifanya iwe ile ya kuvizia, ile ya mlango wa choo. "Mchicha!"

"Lengalenga."

Jibu lilikuwa dogo, limetoka kama kitu kilichomponyoka mtu mkononi.

"Ugali!" Hildegarda alikuwa anakimbia sasa.

"Bugali."

"Kitenge! Sema, mke mwenzangu! Kitenge!"

"Kikwembe!"

"Tena! Kisamvu!"

"Sombe!"

"Laa ilaha illallah!" Hiyo ilikuwa sauti ya Mudathir, karibu sana na ya mtoto, karibu mno. "Simameni! Simameni jamani, ni mtoto! Kila mtu asimame alipo!"

Majani yakatulia, upande mmoja baada ya mwingine.

Alipofika, Loveth alikuwa amesimama wima kwenye ukingo wa korongo, mkono mmoja umeikumbatia kengele, mwingine umeshika daftari kifuani. Miguuni pake palikuwa na unyayo wa tembo, mpana kweli kama sinia, na rula ya plastiki imelazwa katikati. Hatua nne kutoka hapo Mudathir alikuwa amechuchumaa. Panga lake lilikuwa mbali, alikolirusha, na mikono yake miwili ilikuwa imekamata udongo.

"Nilisikia sauti yako," alisema bila kuinua uso. "Nikajua umekuja kutuhimiza. Mama Ditram, mkono ulishapanda."

Hildegarda alimshika mjukuu wake mkono. Ulikuwa wa baridi.

"Bibi," Loveth akasema, "nimeshindwa. Nimeongea mbele hujanishika mukono."

Bibi yake alimwongoza nyumbani kwa mkono uleule, na wanaume wakawafuata nyuma kwa mbali, mmoja mmoja, bila kutazamana.

Ditram alifika Ijumaa asubuhi. Hildegarda alimweleza yote, hata pale ambapo angeweza kuruka: nondo, mapigo matatu, ile raha ndogo aliyoisikia baada ya kupiga. Ditram alisikiliza mpaka mwisho. Aliifunika kengele kwa kifuko chake, akaitia mfukoni mwa shati, akafunga kifungo. Walipoagana alimkumbatia mama yake muda mrefu. Loveth aliandika sentimita za tembo akiwa ndani ya gari, kwa kuzikumbuka.

Jioni ile Mzee Melkizedek alikuja na wazee wawili. Alikuwa na pendekezo: liwepo pigo la nne, la kurudisha watu.

"Chuma kikae," Hildegarda alisema. "Lakini mimi sitakipiga tena kabla sijauliza nani yumo ndani."

"Umuulize nani, mama? Ng'ombe?" mzee mmoja akasema, na mwenzake akacheka.

Mudathir alikuwa ameegemea mwarobaini. Yeye hakucheka. "Tutauliza," alisema, na mazungumzo yakaishia hapo.

Siku ya tisa baada ya Loveth kuondoka, kengele ililia tena.

Ilikuwa jioni kama ile, na upepo ni uleule. Hildegarda alishika nondo. Chuma kilikuwa mbele yake, kimetulia, na mkono ulimwasha. Akakiacha. Akatembea nayo nondo mpaka mwanzo wa mahindi, akasimama ili aweze kusikia.

"Nani huko?"

Kengele ikanyamaza. Akahesabu pumzi zake. Alijua kwamba mtu anayeweza kumpasua kichwa mwanamke wa miaka sitini na minne huenda yuko mistari kumi tu mbele, na alijua kwamba mtu huyo naye anamsikiliza.

"Nani? Sema!"

"Shikamoo, mama." Sauti ya mwanaume mzima, ya kigeni kidogo, ya mtu ambaye nyumbani huongea lugha nyingine. Ilikuwa inatetemeka. "Ni ndama mmoja. Amekata kamba. Namtoa."

"Marahaba," Hildegarda alisema. Lilimtoka kabla hajafikiri.

Mahindi yakaanza kulia tena, yakielekea ng'ambo, na kengele ikifuata. Alisimama palepale. Nondo hakuiweka chini mpaka kengele ilipovuka korongo.